Saa Janja na Kukatika kwa Pumzi Usingizini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani ambao wana saa janja au pete janja, au wanafikiria kununua, na wangependa kujua kama vifaa hivyo vinaweza kuwaonyesha dalili za ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini. Yanamsaidia mtu kufika kwa daktari akiwa na maelezo mazuri. Hayachukui nafasi ya daktari.

Kukatika kwa pumzi usingizini ni ugonjwa gani hasa?

Tunapolala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa baadhi ya watu kulegea huko huifanya njia ya juu ya hewa ibane au izibe kabisa, huku kifua na tumbo vikiendelea kujitahidi kuvuta hewa isiyopita. Pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi, tukio hilo huhesabiwa. Oksijeni mwilini hushuka, ubongo humshtua mlalaji kwa muda mfupi, koo hufunguka, naye hutweta au kukoroma kwa kishindo na kurudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote, ila anaamka amechoka, mdomo umekauka, na mara nyingi kichwa kinamuuma.

Madaktari hupima ukali wa ugonjwa kwa kuhesabu matukio ya kukatika au kupungua sana kwa pumzi katika kila saa ya usingizi. Matukio 5 hadi chini ya 15 ni hali hafifu, 15 hadi chini ya 30 ni hali ya wastani, na kuanzia 30 ni hali kali. Maana yake ni kwamba mwenye hali kali hukatizwa usingizi walau mara moja kila dakika mbili, usiku kucha, kwa miaka mingi. Ndiyo sababu ugonjwa huu huambatana na shinikizo la juu la damu lisilosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, kisukari na ajali za barabarani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanao kwa kiwango fulani, na wengi wao hawajawahi kupimwa.

Saa iliyoko mkononi inajuaje yanayotokea kooni?

Haijui moja kwa moja. Hakuna saa inayopima hewa inayopita puani, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila unapotazama kioo chake. Inachofanya ni kusoma alama ambazo pumzi iliyokatika huziacha sehemu nyingine za mwili.

Alama ya kwanza ni oksijeni. Vihisi vilivyo mgongoni mwa saa humulika ngozi kwa mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, kisha hupima kiasi kinachorudi, kwa kuwa damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo hazifyonzi mwanga kwa namna moja. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika pia katika oksimita ya kidole ya hospitalini, na ilibuniwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Alama ya pili ni mapigo ya moyo, ambayo hupungua pumzi inapokatika na kupanda ghafla mtu anaposhtuka. Alama ya tatu ni mtikisiko mdogo sana wa mkono unaofuata mwendo wa kupumua.

Kampuni hazikuchagua alama zilezile. Kipengele cha Samsung, kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, mwezi Februari 2024, hutegemea oksijeni. Kimekusudiwa watu wenye umri wa miaka 22 na kuendelea, nao hutakiwa kulala na saa usiku mara mbili, kila mara kwa zaidi ya saa nne, ndani ya siku 10. Kipengele cha Apple kiliidhinishwa Septemba 2024 na hutumia kihisi cha mtikisiko badala ya oksijeni. Hukusanya usiku usiopungua 10 katika siku 30, ndipo kitoe onyo iwapo mvurugiko wa kupumua ulijirudia. Huduma hizi hufunguliwa nchi kwa nchi na toleo kwa toleo, kwa hiyo kabla ya kulipa mwombe muuzaji aiwashe saa na akuonyeshe kipengele chenyewe ndani ya programu, badala ya kutosheka na maneno yaliyo kwenye boksi.

Saa yangu haijatoa onyo lolote. Je, niko salama?

Hapana, huwezi kuhitimisha hivyo, na hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko mengine yote. Katika takwimu zilizowasilishwa FDA, kipengele cha Apple kiliwabaini takriban watu 66 kati ya kila 100 waliokuwa na ugonjwa wa wastani au mkali. Wengine, yaani kama theluthi moja, walilala wakiwa na ugonjwa huo na saa ikanyamaza. Kwa upande mwingine, kati ya kila watu 100 wasio na ugonjwa wa kiwango hicho, karibu 98 hawakusumbuliwa na onyo la uongo.

Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Kifaa kimetengenezwa kwa makusudi ili kisiwatishe watu ovyo, na gharama ya uamuzi huo ni kuwaacha wagonjwa wengi bila kuwaambia kitu. Kwa hiyo onyo lake ni la kutiliwa maanani sana, lakini ukimya wake hauna uzito unaolingana. Kama mwenzi wako anasema unakoroma na kunyamaza ghafla kisha unatweta, na mchana unasinzia kwenye mkutano wa kijiji au ibadani, basi nenda hospitali hata kama saa imeandika kila asubuhi kwamba usiku ulikuwa mzuri.

Imenipa onyo. Nianzie wapi?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe, ukiwa na simu yenye taarifa za saa. Mweleze daktari dalili kwanza, saa baadaye. Mwambie kama unakoroma, kama kuna aliyeona pumzi ikikatika, unaamka mara ngapi kukojoa usiku, unasinzia wapi mchana, na unatumia dawa gani. Omba upimwe presha, uzito, urefu, sukari na mzingo wa shingo. Kama hospitali hiyo haina huduma inayohitajika, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kwenye idara ya magonjwa ya ndani au ya masikio, pua na koo.

Uthibitisho wa ugonjwa hutolewa na kipimo cha usiku. Kipimo kamili hufanyika mgonjwa akilala hospitalini huku mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, hewa ya puani, mwendo wa kifua, oksijeni na mapigo ya moyo vikirekodiwa kwa pamoja. Kipo pia kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani, chenye mrija puani, mkanda kifuani na kibanio cha kidole, ambacho kwa wagonjwa wengi wenye dalili za wazi kinatosha. Kabla ya kusafiri uliza kwa simu kama kipimo kinapatikana huko unakoelekezwa, bei yake ni kiasi gani, na kama bima yako inakigharamia. Nauli ya kutoka Ludewa au Chunya ni kubwa mno kwa mtu kwenda kuambiwa arudi kesho.

Tunaishi sehemu za juu. Je, namba za oksijeni zisomwe kama zinavyosomwa Dar es Salaam?

Zisomwe kwa uangalifu zaidi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Njombe inakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na mapafu hupata oksijeni kidogo katika kila pumzi. Mtu mzima mwenye afya njema akiwa macho pwani huonyesha asilimia 97 au 98, ilhali huku kwetu si ajabu akaonyesha 94 hadi 96, na akilala ikashuka kidogo tena bila ugonjwa wowote.

Kuna jambo la pili, ambalo programu za saa hazilielezi. Oksijeni inapoanzia chini, pumzi iliyokatika kwa sekunde zilezile huishusha kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule anaweza kuonekana ana hali mbaya zaidi akilala Makete kuliko akilala Bagamoyo, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwa sababu mwili wake unapungukiwa zaidi.

La tatu linawahusu wageni. Watafiti wa Zurich waliwapeleka wagonjwa waliozoea kuishi sehemu za chini kwenye milima ya karibu na Davos, Uswisi, hadi mita 2,590. Oksijeni ilishuka na matukio ya kukatika kwa pumzi yakaongezeka, mengi yakiwa ya aina nyingine, ambayo koo halijaziba ila ubongo wenyewe umechelewa kutoa amri ya kupumua. Saa haiwezi kutofautisha aina hizo mbili. Kwa hiyo mtu aliyewasili jana kutoka pwani asiitegemee saa yake katika siku za mwanzo. Ajipe muda wa kuzoea, na daktari aelezwe kwamba vipimo vilichukuliwa milimani.

Linalofaa kutazamwa, basi, ni umbo la mstari wa oksijeni wa usiku kwenye chati ya saa kuliko namba moja. Mstari uliotulia kwenye 93 usiku mzima una maana tofauti kabisa na mstari unaoshuka na kupanda, ukashuka tena na kupanda, kama meno ya msumeno. Huo wa pili ndio wa kumpelekea daktari.

Ni kweli kwamba vihisi vya mwanga havisomi vizuri kwenye ngozi nyeusi?

Ni kweli kwa kiasi kinachostahili kujulikana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha oksimita za hospitali na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita ilisema wana asilimia 92 hadi 96, upungufu mkubwa uliofichika ulikutwa kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi hufyonza sehemu ya mwanga, na vifaa vingi vilisawazishwa kwa watu wenye ngozi nyeupe.

Hizo zilikuwa oksimita za hospitali. Saa ya mkononi ina kazi ngumu zaidi, kwa sababu mwanga wake haupenyi kidole kizima bali hurudi kutoka juu ya ngozi. FDA yenyewe ilishawaeleza watumiaji kwamba oksimita ikionyesha asilimia 90, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Kosa la aina hii kwa mtu mweusi huelekea upande wa kumpa matumaini yasiyo na msingi, na kwa maoni yangu hii ni sababu tosha ya kuwadai watengenezaji waonyeshe vifaa vyao vilijaribiwa kwa nani. Hata hivyo mshuko na mpando unaojirudia bado huonekana, kwa kuwa kosa huwa linafanana mwanzo hadi mwisho wa usiku. Hina, piko na michoro ya ngozi chini ya kihisi nayo huvuruga usomaji, kwa hiyo hamishia saa mkono mwingine.

Baridi ya Juni na Julai inaathiri vipimo?

Inaathiri. Mkono ukiwa wa baridi, mishipa midogo ya damu hujibana na kihisi hukosa mapigo ya kutosha kusoma, ndiyo maana asubuhi za umande mkali huko Njombe na Makete saa nyingi huacha mapengo. Lala mkono ukiwa ndani ya blanketi, saa imekaza vya kutosha bila kuacha alama ya kuumia, juu kidogo ya mfupa wa kifundo.

Kuna hatari kubwa zaidi inayohusiana na baridi. Baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoishika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Saa na oksimita za kawaida huihesabu damu iliyoshikwa na gesi hiyo kana kwamba imebeba oksijeni, hivyo mtu anaweza kuwa anakufa huku kioo kinaonyesha 98. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata likiwa limefunikwa majivu.

Naona saa za bei nafuu sana sokoni Mwanjelwa. Zinafaa?

Kwa kuhesabu hatua, pengine. Kwa kazi hii, hapana. Saa nyingi za aina hiyo huonyesha namba ya oksijeni bila ushahidi wowote wa majaribio, na nyingine hudai kupima sukari bila kutoboa ngozi, jambo ambalo FDA ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote kulifanya. Saa inayodai hivyo isiaminiwe katika jambo lingine lolote la afya. Hapa nchini vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na una haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa yake ni kifaa tiba au ni pambo. Kama fedha ni kidogo, afadhali ununue mashine nzuri ya kupimia presha.

Sina saa wala uwezo wa kuinunua. Nimeachwa nyuma?

Hujaachwa. Upo utaratibu wa maswali manane unaotumiwa na madaktari duniani kote, ulioanzia Toronto mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji, na mtu anaweza kuupitia akiwa amekaa sebuleni. Unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna mtu aliyeona pumzi yako ikikatika? Una presha au unatibiwa presha? Uwiano wa uzito na urefu wako (BMI, yaani kilo zako ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) unazidi 35? Umepita miaka 50? Shingo yako ina mzingo unaozidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Majibu ya ndiyo yakiwa matatu au manne, uwezekano wa ugonjwa ni wa kati. Yakiwa matano au zaidi, uwezekano ni mkubwa. Futi ya fundi cherehani inatosha kupimia shingo.

Wembamba haumkingi mtu kabisa. Taya dogo lililorudi nyuma, mafindofindo makubwa au pua iliyoziba huweza kuuleta ugonjwa kwa mtu mwenye mwili mdogo. Wanawake nao, hasa baada ya kukoma hedhi, huupata mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na dalili zao huwa uchovu, kukosa usingizi na kichwa kuuma zaidi ya mkoromo, jambo linalofanya wapewe dawa za mawazo bila kuulizwa wanalalaje.

Kipimo bora kilichomo katika nyumba nyingi ni mtu mnayelala chumba kimoja. Mwombe akurekodi kwa simu dakika chache unapokoroma. Daktari akisikia mkoromo, ukimya, kisha mtweto, ataelewa kuliko akionyeshwa chati yoyote.

Nyumbani wanasema ninakabwa na jinamizi. Nitajuaje tofauti?

Anayekabwa na jinamizi huamka akiwa na akili timamu lakini hawezi kusogeza mkono wala kutoa sauti, na mara nyingi huhisi kuna mtu chumbani. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi na kwa kawaida haina madhara. Mwenye kukatika pumzi huamka akiweza kusogea, anatweta, moyo unamwenda mbio, na mara nyingi yeye hakumbuki ila wenzake ndio walioona. Waheshimu wazee wanaokuombea, na wakati huohuo kapimwe. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mimi ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nikipimwa, si nitapoteza kazi?

Hofu hiyo inaeleweka, na inastahili jibu la kweli. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umeonyesha kwamba dereva mwenye ugonjwa huu usiotibiwa ana uwezekano wa kupata ajali zaidi ya mara mbili ya dereva mwingine. Kwenye miteremko ya Kitonga au Iwambi, sekunde tatu za kusinzia hazina nafasi ya kusahihishwa. Lakini ugonjwa huu unatibika, na dereva anayetibiwa hupungukiwa sana na hatari hiyo. Kwa hiyo kupimwa ndiko kunakoilinda kazi yako, pamoja na maisha ya utingo wako na ya watu waliomo kwenye mabasi unayopishana nayo.

Saa kwa dereva ina udhaifu wake. Anayelala vipande vipande ndani ya lori kwenye foleni ya mpakani hapati saa nne mfululizo ambazo kipimo kinazihitaji, basi avae saa siku anazolala nyumbani. Ukisinzia ukiwa kwenye usukani, egesha mahali salama na ulale kidogo. Kahawa na muziki havitibu koo lililoziba.

Pombe na dawa za usingizi zinabadilisha matokeo?

Sana. Ulanzi, komoni, bia na pombe kali hulegeza misuli ya koo, na mtu anayekoroma kidogo tu huweza kuonekana mgonjwa usiku wa sherehe. Usiache kuvaa saa usiku huo, ila uandike kwamba ulikunywa, ili daktari alinganishe. Diazepamu na dawa nyingine za usingizi zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti ni hatari kwa mwenye ugonjwa huu, kwa kuwa humzuia kushtuka pale anapohitaji kushtuka. Na ukitarajia upasuaji, mwambie mtaalamu wa nusu kaputi kuhusu mkoromo wako na maonyo ya saa kabla ya siku ya kulazwa.

Naweza kumvalisha mtoto wangu?

Hapana, vipengele hivi vimeidhinishwa kwa watu wazima tu. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayetoka jasho jingi usingizini au asiyetulia darasani apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani chanzo mara nyingi ni nyama za puani au mafindofindo.

Nani anaziona taarifa za usingizi wangu?

Zinahifadhiwa kwenye simu, na mara nyingi pia kwenye kompyuta za kampuni zilizo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Weka namba ya siri kwenye simu, na usipige picha za chati zako kuziweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kazini.

Nimethibitishwa kuwa na ugonjwa na nimepewa mashine ya hewa. Saa bado ina kazi?

Ina kazi ndogo lakini yenye faida. Mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Colin Sullivan mjini Sydney na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, husukuma hewa kupitia barakoa na kuizuia njia ya hewa isifunge. Mashine nyingi za kisasa hujirekodia zenyewe idadi ya matukio na saa za matumizi, nazo ndizo zinazoaminika kuliko saa. Saa itakufaa usiku ambao umeme umekatika na mashine haifanyi kazi, au pale ulipopunguza uzito na daktari anataka kujua mwelekeo kabla ya kurudia kipimo. Usiku wa namna hiyo lala ubavu, inua kichwa kidogo, na usinywe pombe. Usiamue mwenyewe kuiacha mashine kwa sababu saa imeonyesha usiku mzuri mara kadhaa, kwani huenda usiku huo ulikuwa mzuri kwa sababu mashine ilikuwa inafanya kazi. Peleka chati zote mbili kliniki, ya mashine na ya saa, na daktari ndiye aamue kama kipimo kirudiwe.